UZI: Penseli za rangi – kukoleza rangi na kivuli bila kuiua karatasi

Mchoraji wa Kondele (mwanzilishi wa uzi)

Oyawore wadau. Kila nikiweka picha hapa, swali la kwanza huwa lilelile: "Unatumia penseli gani?" Nikijibu, mtu anaenda kununua boksi la bei, kisha anarudi kulalamika kwamba rangi zake bado zimepauka. Leo tuanze na mkono na karatasi. Penseli zitajileta zenyewe. Mwenye swali aulize papo hapo, tusingojane.

Chukua karatasi ya kuchorea, iinue karibu na dirisha uitazame kwa ubavu. Uso wake umejaa vilima na vibonde vidogo sana. Penseli ya rangi nayo ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa nta au kwa mafuta, na unga huo hukwanguliwa na vilima ukabaki umekwama vibondeni. Kwa hiyo mchezo mzima ni huu: vibonde unavijaza kwa rangi zipi, ipi itangulie, na unavifunga lini. Anayekandamiza tangu mwanzo ameshavijaza kwa rangi moja na kuvilaza vilima. Rangi ya pili ikija inateleza juu juu, haina pa kushika. Ndiyo maana kivuli chake kinakuwa doa lililobandikwa, hakitoki ndani ya kitu.

Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita mraba. Inafaa mazoezi ya mkono, ila ukipaka tabaka chache inaanza kung'aa na kutoa manyoya. Manila ni nzito, lakini nyingi ni laini kupita kiasi, na ile ya manjano itazigeuza rangi zako zote. Tafuta ya gramu 160 kwenda juu. Ukipata ya rangi za maji ya gramu 300, ile iliyolainishwa kiwandani kwa moto, hiyo ni mali. Ile yenye mikwaruzo mikubwa itakutoa jasho, usiianze.

Sasa mkono. Penseli ishike nyuma, mbali na ncha, hadi ushindwe kukandamiza hata ukitaka. Tabaka la kwanza liwe hafifu kiasi kwamba mtu akipita hajui kama umeanza. Ncha iwe kali muda wote. Ncha butu hupanda vilima tu ikaacha vibonde vyeupe, ncha kali hushuka hadi chini. Mimi hupaka kwa viduara vidogo vinavyopandana, maana mistari mirefu huacha alama pale mkono unapogeuka.

---

Binti wa Lanet

Kaka, asante kwa kufungua hii. Nyekundu yangu hubaki na nuktanukta nyeupe hata nikirudia mpaka kidole kiume. Kila mtu ananiambia nikandamize. Sasa wewe unasema nisikandamize. Nifuate nani?

---

Mchoraji wa Kondele

Dadangu, nuktanukta hizo ni vibonde ambavyo ncha haijavifikia. Chonga penseli, kisha rudia sehemu ileile ukitokea upande mwingine. Geuza karatasi, si kiwiko. Tabaka la kwanza likienda wima, la pili liende mlazo, la tatu mshazari. Nuktanukta zitapungua bila kuumiza kidole.

Kukandamiza kupo, ila ni kwa mwisho. Picha ikishakamilika rangi zote, unachukua penseli nyepesi ya rangi, mfano waridi hafifu au rangi ya maziwa, unasugua kwa nguvu juu ya ile nyekundu. Hapo vilima vinalala, rangi zinasukumana vibondeni, uso unakuwa laini na kung'aa. Jua tu kwamba penseli nyepesi hupunguza ukolevu, kwa hiyo kabla ya kufika hapo nyekundu yako iwe imekolea kuliko unavyotaka, na baada ya hapo uirudie kidogo. Kuna pia penseli isiyo na rangi kabisa, ni nta tupu, inafanya kazi hiyohiyo bila kupausha. Ukishafunga hivyo, usitarajie kuongeza mengi.

---

Mwalimu wa Sanaa, Kakamega

Mulembe. Nyongeza kidogo. Watoto wangu shuleni hawana penseli ya nta tupu, wanatumia Vaseline kidogo kwenye pamba ya masikio kusawazisha rangi. Inafanya kazi vizuri. Kidogo nikisema ni kidogo kweli, ikizidi geuza karatasi nyuma utaona duara la mafuta. Vimiminika vya kuyeyusha nta siwaruhusu, hasa darasa lenye watoto hamsini na madirisha mawili.

---

Mchoraji wa Kondele

Hapo mwalimu umesema kweli, kwa watoto hapana. Kwa watu wazima: tapentaini nyeupe isiyo na harufu kali, brashi ndogo, dirisha wazi, na karatasi nzito. Nta inayeyuka, unga wa rangi unatiririka hadi vibondeni, na nyeupe zote zinapotea mara moja. Nzuri kwa anga au ukuta wa nyuma. Iache ikauke kabisa ndipo upake tabaka jingine. Mafuta ya taa usijaribu, hubaki na harufu na doa.

Twende kwenye kivuli sasa, maana hapa ndipo picha nyingi hufia.

Weka penseli nyeusi mbali. Sisemi itupe, iweke mbali tu. Jaribu kitu kidogo: paka manjano, juu yake pitisha nyeusi hafifu. Unapata nini? Kijani kichafu. Sasa fikiria umelifanyia hivyo embe. Upande wa kivuli unaonekana umeoza.

Embe lililoiva nalifanya hivi. Kabla ya manjano yoyote, upande wa kivuli napaka zambarau hafifu sana, iwe kama moshi. Zambarau ni rangi pinzani ya manjano, zikikutana zinazimana bila kuwa chafu. Juu yake manjano yenye joto, embe zima, isipokuwa doa dogo la mng'ao ambalo naliacha karatasi tupu. Hilo doa lizungushie mpaka kwa penseli ya rangi ya maziwa ili usilisahau, kwa sababu nyeupe ikipotea hairudi, penseli nyeupe haiwezi kuifufua. Baada ya hapo rangi ya machungwa kuanzia katikati kuelekea kivulini, halafu nyekundu kwenye lile shavu lililoangalia jua mtini. Karibu na kikonyo bado kuna kijani. Usiipeleke kijani hadi kwenye nyekundu, acha manjano ikae katikati yao, la sivyo zitatoa kahawia. Kwenye kivuli narudi na kahawia, kisha damu ya mzee kidogo pale chini kabisa. Halafu tena manjano juu ya vyote, hafifu, ili viungane.

Umeona nyeusi popote? Rangi za penseli hupitisha mwanga, ile ya chini inaonekana kupitia ya juu, kama leso nyepesi iliyotandikwa juu ya nyingine. Kwa hiyo kivuli unakiweka mapema, chini, kikiwa rangi, halafu unakivika.

Na jambo moja watu hulisahau: ukingoni kabisa mwa embe, upande wa kivuli, kuna ukanda mwembamba wenye nuru kidogo. Ni mwanga unaorudi kutoka mezani. Meza ikiwa na kitambaa cha buluu, ukanda huo una ubuluu. Ukiufunika kwa giza, embe linakuwa sahani.

---

Kijana wa Kanduyi

Omera, embe nimekuelewa. Je, uso wa mtu mweusi? Mimi nikichora mama yangu anatoka kama amepakwa kiwi. Nina kahawia tatu na nyeusi.

---

Mchoraji wa Kondele

Hilo ndilo swali lenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Ngozi nyeusi si kahawia. Ina kahawia, lakini ndani yake kuna nyekundu, kuna rangi ya machungwa, kuna nili, kuna hata zambarau. Ukitumia kahawia tatu tupu zenye giza tofauti, unapata kinyago cha mti. Na masanduku mengi ya rangi 12 yana penseli moja ya waridi iliyofifia ambayo watoto wetu hufundishwa kuiita "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Tuyaache hayo.

Anza na mwanga, kabla ya rangi. Jiulize, mama alipigwa picha wapi na saa ngapi? Sisi huku tuko kwenye mstari wa ikweta, unapita pale Maseno kabisa. Mchana jua liko utosini, na kwa Kisumu utosini si saa sita kamili, ni karibu saa saba kasorobo. Picha ya saa hizo ina vivuli vinavyodondoka: macho yamezama, pua inatupa kivuli mdomoni, kidevu kinafunika shingo nzima. Ukiwa mgeni katika kuchora, picha hiyo ikatae. Mwambie mama akae mlangoni, ndani kidogo, ubavu mmoja wa uso umeelekea nje, asubuhi au jioni. Mwanga wa mlango unakuja ubavuni, upande mmoja unang'aa na mwingine unaingia gizani polepole, na hapo ndipo utajifunza kitu. Picha ya flash kwenye harusi ndiyo mbaya kuliko zote, inafuta vivuli vyote na kumwaga mafuta kwenye paji la uso.

Nikipaka: tabaka la kwanza ni rangi ya udongo, ile manjano ya kahawia, uso mzima isipokuwa ming'ao. La pili, rangi ya machungwa hafifu au nyekundu ya matofali, hasa masikioni, puani, mashavuni na mdomo wa chini. Damu iko karibu na ngozi sehemu hizo. Watu wanadhani kwa mtu mweusi haionekani. Inaonekana, angalia sikio lililopigwa na jua kutoka nyuma. Kisha kahawia ya kati, mkono mwepesi, tabaka baada ya tabaka, ukifuata umbo: paji linazunguka, shavu linazunguka, taya inakata. Kivulini unaleta nili au zambarau iliyokolea, halafu kahawia nzito juu yake. Nili na kahawia nzito zikikutana zinatoa weusi ulio hai, wenye kina, kuliko penseli nyeusi yoyote. Nyeusi yenyewe nitaigusa mwisho: matundu ya pua, mboni, mstari wa kati ya midomo, mizizi ya nywele.

Mng'ao wa paji la uso ndio mtihani. Nje, chini ya anga wazi, mng'ao wa ngozi nyeusi una ubuluu, kwa sababu ngozi inaakisi anga. Weka samawati hafifu kuzunguka doa jeupe. Ndani ya nyumba chini ya taa ya umeme yenye umanjano, weka rangi ya maziwa. Ukitia nyeupe tupu, mtu anaonekana ana chunusi ya chaki.

Kijana wa Kanduyi, kiwi unayoiona ni kwa sababu nyeusi iliingia mapema. Weka nyekundu na rangi ya machungwa chini kwanza, utanishukuru.

---

Mwalimu wa Sanaa, Kakamega

Kama mama ana mvi, usingoje kuzichora kwa nyeupe juu ya nyeusi. Chukua biro iliyokwisha wino kabisa, ijaribu kwanza kwenye karatasi ya takataka, halafu chora kila unywele kwa kukandamiza kabla hujapaka rangi yoyote. Unaacha mfereji. Ukipaka kahawia na nili juu, penseli inaruka mfereji na mvi zinabaki nyeupe zenyewe. Inafaa pia kwa ndevu za mzee, mishipa ya majani na utando wa buibui. Kitu kimoja: ncha ya penseli isiwe kali mno hapo, na uilaze, la sivyo itaingia mferejini.

---

Binti wa Lanet

Mwalimu!! Hii ya biro nimeijaribu saa hii kwenye daftari. Jameni.

Sasa naombeni. Nataka kuchora heroe, yule ndege flamingo, wa Ziwa Nakuru. Nikipaka waridi anakuwa mwanasesere wa plastiki.

---

Mchoraji wa Kondele

Kwa sababu heroe si waridi moja. Kwanza amua ni yupi, maana kuna wawili. Heroe mdogo ana mdomo wa damu ya mzee ulio karibu na weusi, na waridi yake imekolea zaidi. Heroe mkubwa ni mweupe zaidi, mdomo wake ni waridi hafifu na ncha nyeusi. Rangi yenyewe hutoka kwenye chakula, ule mwani mdogo wa majini, na vifaranga huzaliwa wa kijivu. Kwa hiyo ndege wa umri tofauti katika kundi moja wana rangi tofauti, wachore hivyo.

Mwili mwingi uache karatasi. Kivuli cha tumbo kiwe kijivu chenye zambarau hafifu, usitumie waridi iliyokolea. Juu ya hicho waridi hafifu, kisha rangi ya machungwa kidogo sana iliyochanganyika nayo. Nyekundu yenyewe ihifadhi kwa bawa pale linapofunguka. Alama za penseli zifuate manyoya, fupi fupi, usitumie viduara hapa.

Ila nikuonye. Waridi na zambarau ndizo rangi zinazofifia haraka zaidi kwa mwanga, kwenye penseli za karibu kila kampuni. Mteja akimtundika heroe wako sebuleni mahali panapopigwa na jua la jioni, atabaki na bata. Jaribu penseli zako: paka vipande vidogo vya kila rangi, funika nusu kwa karatasi ya foili, bandika dirishani, sahau kwa miezi kadhaa. Ukifunua utajua zipi za kumwuzia mtu na zipi za mazoezi. Marekani wana kipimo rasmi cha jambo hili kwa penseli za rangi, ASTM D6901, na Caran d'Ache waliziita penseli zao Luminance 6901 kwa sababu ya namba hiyo.

---

Kijana wa Kanduyi

Na mbona picha yangu ya mwezi uliopita imeota ukungu mweupe? Nilidhani ni unyevu wa nyumba.

---

Mchoraji wa Kondele

Ulitumia penseli za nta, na ulipaka nzito. Nta hupanda juu taratibu na kutanda kama ukungu, hasa kwenye rangi za giza. Haijaharibika. Pangusa kwa kitambaa laini sana, pamba ya zamani iliyofuliwa mara nyingi, usisugue. Kisha nyunyizia dawa ya kushikilia michoro, tabaka jepesi, nje ya nyumba. Mafuta ya nywele ya kupuliza wanayotumia wengine mimi siyataki, yanashika vumbi.

Penseli za mafuta kama Polychromos za Faber-Castell, ambazo zimekuwepo tangu 1908, hazina tatizo hilo, na ncha yake ni ngumu kidogo hivyo hubaki kali. Prismacolor Premier ni za nta, laini, hukolea haraka, hukatika haraka pia. Zikianguka sakafuni kiini cha rangi kilicho ndani kinavunjika vipande na hutajua mpaka uanze kuchonga. Za laini zichonge kwa wembe, kichongeo kilichochakaa kinazipindua na kuzivunja. Boksi zima la Polychromos ni rangi 120 na bei yake inalipa kodi ya nyumba na salio linabaki, kwa hiyo usiharakishe. Penseli nyingi nzuri huuzwa pia mojamoja. Nunua nili, damu ya mzee, rangi ya udongo, rangi ya maziwa na kahawia nzito, uziongezee kwenye boksi lako la rangi 12 la shule.

---

Mwalimu wa Sanaa, Kakamega

Nakubaliana, ila na mimi nina la kubishana. Umesema nyeusi iwekwe mbali. Nina wanafunzi wanaochora Jiwe la Ilesi, ule mwamba mkubwa wa huku Kakamega, baada ya mvua. Jiwe lililolowa lina weusi ambao nili na kahawia haviufikii, kwa penseli za bei nafuu hasa. Nawaruhusu nyeusi.

---

Mchoraji wa Kondele

Kwa jiwe lililolowa nakupa, mwalimu. Penseli za bei nafuu zina nta nyingi na unga mchache, giza lake lina kikomo. Waambie tu waiweke nyeusi katikati, wasianze nayo: nili chini, nyeusi juu yake, kisha nili tena. Bila hivyo jiwe litakuwa shimo.

---

Binti wa Lanet

Nimeanza heroe. Nikimaliza naweka hapa mnikosoe, lakini simu yangu hupiga picha za kijivu.

---

Mchoraji wa Kondele

Usitumie flash, nta itang'aa na rangi zote zitapotea. Toka nje mahali penye kivuli, usiwe juani, simamisha mchoro wima ukutani, na simu iwe sambamba nao. Weka kipande cha karatasi nyeupe tupu pembeni, kisha ongeza mwangaza wa kamera kidogo hadi kionekane cheupe kwenye skrini, kijivu kitapungua. Na usiweke kichujio chochote, tunataka kuona tabaka zako.